Usanifu majengo au uhandisi? Pima kwanza nyumba mnamoishi

Ukijua kuchora, nenda usanifu majengo. Ukishinda fizikia, nenda uhandisi. Ushauri huu nausikia Nakuru, Kisumu na Kakamega, na kwa maoni yangu umewapoteza vijana wengi. Msanifu hupiga hesabu kila siku, na mhandisi asiyeweza kuchora mahali boriti inapokutana na nguzo hawezi kumwelekeza fundi. Mmoja huanza kwa kuuliza watu wataishije humu ndani, mwingine huanza kwa kuuliza uzito wote huu utashukia wapi. Jaribu maswali yote mawili wikendi moja, kwa nyumba hiyohiyo mnamoishi.

Tafuta tepu ya mita 5, rula, penseli na karatasi ya A3. Pima kuta, milango na madirisha, kisha uichore nyumba kwa kipimo cha 1:50, yaani milimita 1 kwenye karatasi ni milimita 50 za nyumba. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 kitakuwa milimita 60 kwa 72. Ukuta wa jiwe la inchi 6 ni kama milimita 150, yaani milimita 3 kwenye karatasi. Wengi huusahau unene huo, na mwishowe wakijumlisha vyumba, jumla hailingani na urefu wa nyumba kwa nje.

Sasa iongezee ghorofa. Tuseme toka sakafu hadi sakafu ni milimita 3,000, na hutaki kipandio, yaani kimo cha kila hatua ya ngazi, kizidi 175. Ukigawanya unapata 17.1, na kwa kuwa hakuna kipandio cha sehemu, unaweka 18 vya milimita 167 hivi. Hapo unahitaji kanyagio 17, yaani sehemu za kukanyaga, kwa kuwa kipandio cha mwisho hukufikisha kwenye sakafu ya juu. Zikiwa na upana wa milimita 275 kila moja, ngazi imekula mita 4.7, na bado hujaacha mahali pa kusimama juu na chini. Utaipitisha wapi bila kuua jikoni? Ukiikunja, je, mtu mrefu hatagonga kichwa chini ya slabu, yaani sakafu ya zege ya juu?

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta na jua kali huja kutoka mashariki na magharibi, kwa hiyo kuta ndefu hupata nafuu zikitazama kaskazini na kusini. Lakini upepo wa ziwa wa mchana huingia kutoka magharibi, na jua kali la jioni pia. Ukifungua dirisha upande huo umekaribisha vyote viwili. Je, utaweka kibaraza kipana, ukuta wa matundu, au mti? Ukijikuta umefuta na kuchora mara ya nne na bado una hamu ya mara ya tano, usanifu unakuita. Studio ya chuoni ni hivyo hivyo: mchoro wa wiki tatu hubandikwa ukutani, walimu wanaukosoa mbele ya wenzako, unarudi kuanza upya. Wanaoacha kozi hii mara nyingi hawakushindwa kuchora, hawakuvumilia kurudia.

Zamu ya mhandisi. Slabu ya zege yenye unene wa milimita 150 ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita mraba, kwa sababu mita moja ya ujazo ya zege hukaribia kilo 2,400. Kile chumba cha 3 kwa 3.6 kimebeba takriban tani 3.9 kabla ya vigae, vitanda na watu. Fuata uzito huo kwa kidole: slabu, boriti, nguzo, msingi, udongo. Kisha mwenye nyumba aseme anataka sebule ya mita 8 badala ya 4, bila nguzo katikati. Kwa boriti ileile na mzigo uleule kwa kila mita, nguvu ya kuipinda huongezeka mara 4, na kushuka kwake katikati mara 16. Ndiyo maana boriti hunenepa, na dari ya msanifu hushuka.

Halafu udongo. Uwanda wa Kano, kuelekea Ahero, una udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kunywea kiangazi. Msingi mfupi ukikaa juu yake, nyufa za mshazari huanza pembeni mwa madirisha. Dawa ni kuchimba hadi ardhi ngumu, au kuuondoa na kujaza maramu (udongo wa changarawe) kwa tabaka za milimita 150 hivi, kila tabaka ikishindiliwa. Kama hadithi ya udongo imekushika kuliko ya dirisha, umejijibu.

Na uhandisi ni mpana. Asiyependa majengo ana mvuke wa ardhini wa Olkaria na Menengai, umeme, mashine, maji.

Uhandisi huchukua miaka 5, usanifu 5 hadi 6. Uhandisi wa ujenzi unapatikana vyuo vikuu vya Masinde Muliro kule Kakamega na Moi kule Eldoret, na uhandisi wa kilimo uko Egerton, Njoro. Usanifu kwa sehemu kubwa utakupeleka Nairobi au Juja, kwa hiyo piga hesabu ya kodi ya nyumba, karatasi, kadibodi za mifano, na kompyuta yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 16. Ya GB 4 itakwama usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi.

Kabla ya kujaza chaguo lako kwenye KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, hakikisha kozi yenyewe inatambuliwa na EBK (bodi ya wahandisi) kama ni uhandisi, au BORAQS (bodi ya kusajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi) kama ni usanifu. Jina la kozi halitoshi. Bila usajili huwezi kutia sahihi michoro inayopelekwa kaunti kuidhinishwa, hata uwe na shahada nzuri namna gani.