Usiku NBC Ilipoiacha Saba

Jioni ya Jumapili, Januari 1, 2017, mjomba wangu alibonyeza saba kwenye rimoti akitaraji kuwaona Packers na Lions, timu za mpira wa Kimarekani, na mpira haukuwepo. Akabonyeza tena. Akazima televisheni, akaiwasha, akajaribu upya. Mkaza mjomba akamwambia kutoka jikoni aiache, pilau imeiva.

"Saba imeharibika," mjomba akasema.

Haikuwa imeharibika. Picha ilikuwa safi, sauti safi, na ile saba yao ilikuwa palepale kwenye skrini. Kilichoondoka ni NBC, mtandao ambao vipindi vyake saba walikuwa wakivirusha.

Tulikuwa Lowell, mji wa viwanda vya zamani vya nguo kaskazini ya Boston, mji ambao Wakenya wameujaa kiasi kwamba unaweza kwenda dukani na kurudi bila kusema Kiingereza. Nilikuwa nimefika kiangazi kilichotangulia kutoka Mombasa. Huko nilifanya kazi ya grafiki katika stesheni ndogo ya runinga: majina yanayopita chini ya skrini, ramani, nembo inayozunguka kabla ya taarifa ya habari. Ndiyo maana mambo ya saba nilikuwa nikiyafuatilia kwa miezi, kama mtu anavyofuatilia kesi ya jamaa yake.

Marekani, mitandao mikubwa ya runinga, yaani ABC, CBS, NBC na Fox, haimfikii mtazamaji moja kwa moja. Kila mji una stesheni zake, na nyingi ni mali ya watu wengine kabisa waliofunga mkataba: saa hizi tutarusha vipindi vyenu, saa hizi zetu. Stesheni ina namba yake na herufi zake za leseni, ambazo kwa desturi huanza na W mashariki ya mto Mississippi na K magharibi yake, na sheria inaitaka kila saa itaje herufi hizo pamoja na jina la mji wake. Saba ya Boston ni WHDH. Mwenyewe wakati huo alikuwa Ed Ansin, tajiri aliyekaa Miami, aliyeinunua mwaka 1993. Januari 2016 NBC, ambayo ni ya kampuni ya Comcast, ilitangaza kwamba mkataba ukimalizika mwisho wa mwaka haitaurefusha. Itaweka stesheni yake yenyewe Boston. Ansin alikwenda mahakamani mwezi Machi. Mei jaji akaitupa kesi. Tangu hapo tarehe ilijulikana.

Mjomba alikuwa ameambiwa, na mimi ni mmoja wa waliomwambia. Lakini mtu anayefanya kazi mbili husikia kinachomhusu siku kinapomfika.

"Mjomba, saba ipo," nikamwambia. "NBC ndiyo iliyohama."

"NBC na saba si kitu kimoja?"

Swali hilo nililitafakari usiku ule na siku nyingi baadaye, kwa sababu mjomba mwenyewe, tangu nianze kuishi kwake, sikumsikia hata siku moja akisema "weka NBC." Alisema "weka saba." Mchana ule ule, kuwatazama Patriots, timu ya huku kwetu, wakiwafunga Dolphins 35 kwa 14 kule Miami, alisema "weka BZ," kama wanavyosema wenyeji wa Massachusetts. WBZ ni namba nne. Mchezo ulikuwa wa CBS, lakini CBS haikutajwa sebuleni. Mtu wa Makadara, aliyekulia kwenye Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la serikali, alikuwa ameshika majina ya mji wa watu bila mtu kumfundisha.

Na hayo hayakutokea kwa bahati. Saba walijiita 7 News. Miaka yote waliyorusha vipindi vya NBC, kwenye habari zao jina la NBC halikutangulia. Ziko stesheni zinazofanya kinyume: ile ya New York, ambayo ni mali ya NBC yenyewe, inajiita NBC 4 New York, mtandao kwanza, namba katikati, mji mwisho. Mpangilio huo unakuonyesha nani amelipa kodi ya nyumba. Nyingine huchukua jina la tatu, si la mtandao wala la herufi. Philadelphia, WPVI imekuwa Action News tangu 1970, na ingawa Action News zipo katika miji mingi, ya Philadelphia watu wameifanya yao hata ABC ikabaki mgeni wa jioni. Mimi niliyekaa miaka nikihamisha nembo kushoto na kulia kwa amri ya Nairobi nilikuwa nikiyatazama haya kwa wivu. Wivu wa kazi, si wa ubaya.

Basi, mpira. Eriali ya mjomba ilikuwa ile bapa, imebandikwa kwenye kioo cha dirisha. Kebo aliikata zamani kwa sababu ya gharama. Wenye kebo walipewa NBC kwenye namba kumi, hawakuwa na shida kubwa. Sisi wa eriali ilibidi tutafute. Niliingia kwenye menyu nikaiamuru televisheni itafute stesheni zote upya. Wakati asilimia inapanda pole pole, mlango ukagongwa. Alikuwa mwenye nyumba, mzee wa asili ya Kigiriki anayekaa ghorofa ya chini, amevaa sweta na kandambili. Naye amepoteza mpira. Mkaza mjomba akampa kiti na sahani ya pilau kabla hajamaliza kueleza.

Tukaipata kwenye 60.2. Stesheni mpya ilikuwa imeazima nafasi kwa WNEU, stesheni ya Telemundo ya lugha ya Kihispania yenye leseni ya Merrimack, New Hampshire, ambako kutoka Lowell si mbali. Pale juu paliandikwa NBC Boston. Nilimsomea mjomba.

"Sitini nukta mbili," akasema. "Nani atakumbuka namba yenye nukta?"

Wakatazama mpira. Packers walishinda 31 kwa 24, lakini mimi niliutazama kidogo tu, kwa sababu wakati wa mapumziko mwenye nyumba alianza kusimulia, na alichosimulia kilinishika kuliko mchezo.

Alisema hili si jipya. Mwaka 1995 aliamka siku moja baada ya Mwaka Mpya na kukuta nne na saba zimebadilishana. Nne, WBZ, ilikuwa ya NBC tangu ianze kurusha mwaka 1948. Saba ilikuwa ya CBS. Kampuni ya Westinghouse, iliyoimiliki nne, ilikuwa imeingia mkataba na CBS kwa stesheni zake zote, basi NBC ikakosa pa kukaa Boston ikahamia saba. Mwenye nyumba alisema marehemu mkewe alitafuta vipindi vyake vya mchana kwa wiki nzima akivikuta upande usio wake, lakini habari hawakuzihama. Walikuwa watu wa nne, wakabaki watu wa nne. Msomaji habari ni yule yule, wa hali ya hewa ni yule yule, barabara zinazotajwa ni zile zile. Alinyoosha kidole kwenye televisheni akasema kwa Kiingereza chake cha Lowell kwamba hao wa New York huja na kwenda.

Mjomba alinigeukia. "Umesikia?"

Nilisikia, na nilichokisikia kilinirudisha Mombasa, Februari 2015. Ulikuwa wakati wa kuhamia dijitali, na katika mvutano wa stesheni na serikali, Citizen, NTV, KTN na QTV zilitoweka hewani kwa siku 19. Saa moja jioni ilifika bila ile taarifa ya habari ya Kiswahili tuliyoizoea. Watu wa mtaani kwetu, wanaojua kwamba nafanya kazi ya runinga, walinisimamisha njiani kuniuliza zitarudi lini. Hakuna aliyeniuliza kuhusu stesheni yetu. Tulikuwa hewani! Tulikuwa na kamera, tulikuwa na gari, tulikuwa Mombasa hapa hapa, na Nairobi ilikuwa kimya. Ilikuwa nafasi ambayo stesheni ya mji hupata mara moja katika umri wake. Lakini tuliitumia kurudia vipindi vya zamani, kwa sababu wakubwa wetu waliamini mtazamaji anamngoja yule wa Nairobi na hana haja nasi. Nilichora nembo ya "Habari za Mji" wiki ile. Ilikaa kwenye kompyuta yangu mpaka nilipoacha kazi.

Kwa hiyo Jumatatu, Januari 2, nilikaa mbele ya televisheni kwa nia. Nilitaka kuona mtu aliyenyang'anywa mtandao anafanya nini na saa zake tupu. Saa tatu usiku, wakati uliokuwa wa tamthilia na michezo ya NBC, saba walikuwa na habari. Wakaendelea nazo, habari juu ya habari, mpaka zile za saa tano. Hakukuwa na maombolezo wala kunung'unika. Waliongeza kile walichokuwa nacho wao wenyewe: wanahabari wao, helikopta yao, ramani yao. Baadaye nilijifunza kwamba Ansin alikuwa ameshapita njia hii. Stesheni yake ya Miami, WSVN, nayo ni saba, ilipoteza NBC mwanzoni mwa 1989. Ikapata Fox, ambayo wakati huo ilikuwa changa na yenye vipindi vichache, ikajaza saa zilizobaki kwa habari na ikasimama. Na hata Boston, Aprili 2009, NBC ilipotaka kumweka mchekeshaji Jay Leno saa nne usiku kila siku ya kazi, Ansin alisema saba itaweka habari zake saa hiyo. Alirudi nyuma tu NBC ilipotishia kuuvunja mkataba. Alijua thamani yake iko wapi muda mrefu kabla ya 2017.

Lakini aliyenionyesha kwa macho ni mkaza mjomba. Alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee, zamu ya asubuhi, na kila siku saa kumi na moja alfajiri aliwasha saba huku akipika chai, ajue barabara ya 495 imekaaje na theluji inaanza saa ngapi. Jumanne ile aliamka, akabonyeza saba, akapata barabara yake, akanywa chai, akaondoka. Nilimuuliza jioni kama ameona mabadiliko yoyote.

"Mabadiliko gani?"

"NBC haipo tena pale."

"Mwanangu, mimi kwani niliwahi kuitafuta?"

Mjomba yeye alijigawa. Mpira wa Jumapili usiku kwenye 60.2, habari kwenye saba, na Aprili, siku ya Boston Marathon, nyumba nzima kwenye BZ, Geoffrey Kirui na Edna Kiplagat wakishinda na sebule imejaa majirani wa Kikenya waliokuja na mahamri. Mwezi huo huo stesheni ya Fox mjini, iliyokuwa ikijiita Fox 25, ilivua jina la mtandao ikawa Boston 25, ingawa vipindi vya Fox iliendelea kuvirusha. Ilikuwa mali ya kampuni nyingine, na haikutaka habari za mji zichanganywe na ile Fox News ya siasa ya kwenye kebo. Siku nembo mpya ilipotoka niliipiga picha kwenye skrini. Neno Boston lilikuwa kubwa kuliko kitu chochote.

Picha hiyo niliituma Mombasa, kwa mwenzangu aliyebaki kwenye kiti changu cha grafiki. Tulirushiana ujumbe wa sauti karibu usiku kucha. Nilimwambia kuhusu ramani ya hali ya hewa ya saba, yenye Lowell, Lawrence, Worcester, Plymouth, Cape Cod, kila mji na joto lake, wakati sisi tulikuwa tukionyesha ramani ya Kenya nzima na kijua kimoja juu ya neno PWANI, kana kwamba mvua ya Lamu na ya Kwale ni moja. Alinijibu kwamba ramani inatoka Nairobi kwa sababu matangazo ya biashara yanatoka Nairobi. Ni hoja nzito, na sikumbishia kwamba si kweli. Nilimwambia tu kwamba duka la mabati la Kongowea, pale pale Mombasa, halitanunua tangazo katika habari ambazo hazijawahi kuitaja Kongowea, na kwamba mtu lazima aanze, na ramani haina gharama, ni kazi ya mikono yake mwenyewe.

Hakunijibu kwa wiki mbili. Kisha ikaja ramani, bila maneno. Alikuwa ameichora kuanzia Vanga mpaka Kiunga: Kwale, Likoni, Kisauni, Mtwapa, Kilifi, Malindi, Hola, Lamu. Bahari ameipaka rangi yake, na pembeni jina la stesheni, peke yake. Wakubwa bado hawakuwa wameiona. Niliikuza kwenye simu nikaipitia mji kwa mji, nikamwandikia kwamba ni nzuri sana, na kwamba amewasahau watu wa Voi na Taveta.