Tulivyoanza Kupima Maji ya Mirongo

Ninafundisha kemia katika shule ya sekondari ya kata chini ya miinuko ya Mabatini, jijini Mwanza, ambako Mto Mirongo hupita katikati ya makazi kabla ya kukatiza mjini na kuingia Ziwa Victoria. Kwa muda mrefu nilikuwa na uhakika kwamba wanaouchafua ni wakulima wa mchicha na sukumawiki walioko kando yake. Niliwasema kwenye mikutano ya mtaa, nikawasomea Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, na wanafunzi wangu wakachora mabango. Hakuna aliyehama wala aliyebadilika. Bango moja nililikuta limefunika tuta la miche.

Aliyenitoa gizani ni mama mmoja mwenye bustani, mtu mzima wa kuamkiwa. Nilipomaliza shikamoo yangu alinijibu, kisha akauliza, "Mwalimu, kila siku unasema tunachafua maji. Umeyapima?" Sikuwa nimeyapima. Mimi, mwalimu wa kemia.

Wiki iliyofuata tulitengeneza kipimo cha uangavu kwa bomba la plastiki lenye urefu wa mita moja, lililozibwa chini kwa kisahani chenye robo nyeusi na robo nyeupe, kwa kufuata wazo la padri Mwitaliano Angelo Secchi, aliyepima uangavu wa bahari kwa kisahani cheupe mwaka 1865. Maji humiminwa taratibu huku mtu akichungulia kwa juu, na pale rangi mbili zinapoacha kutofautika ndipo kimo husomwa. Kwa uchafu usioonekana tulitumia chupa ndogo zenye dawa inayoyageuza maji kuwa meusi, ndani ya siku moja au mbili za joto, ikiwa yana bakteria wa aina zinazopatikana kwenye kinyesi. Nilisisitiza jambo moja tu: wachotaji wawe wakulima wenyewe, na wanafunzi wawe waandishi.

Walichota sehemu tatu, yaani juu ya bustani, katikati, na chini yake. Chupa tulizipanga kwenye boksi karibu na jiko la mama huyo, kwa kuwa maabara yetu haina kifaa cha kutunza joto. Asubuhi chupa ya kwanza kuwa nyeusi ilikuwa ile ya juu, iliyochotwa kabla maji hayajagusa tuta hata moja. Ukweli ni kwamba bomba nalo lilionyesha maji yakizidi kuwa tope kila yalipopita bustani, kwa hiyo wakulima hawakuwa safi kabisa. Lakini kinyesi kilitoka mlimani, kwenye nyumba zilizojengwa juu ya miamba ambamo shimo la choo halichimbiki kwa kina, na gari la kunyonya majitaka halipandi. Mvua ikinyesha, baadhi ya watu hutapisha vyoo, yaani huachia kinyesi kitiririke na maji ya mvua. Niliomba radhi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na sioni aibu kusema kwamba radhi hiyo ilifanya kazi kuliko mabango yote.

Baada ya hapo wakulima walikubali kuhamisha marundo ya samadi mbali na maji na kupanda matete kwenye ukingo, ili mizizi yake izuie udongo na kupunguza mbolea inayokwenda kurutubisha mwani na magugu maji ziwani. Afisa kutoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria alikuja kutueleza jinsi jumuiya ya watumia maji inavyoundwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009. Hakuwaruhusu kubaki ndani ya mita 60. Walipanga naye kurudisha matuta nyuma hatua kwa hatua. (Kikao cha kwanza kilihudhuriwa sana kwa sababu watu walidhani kuna posho. Cha pili kilikuwa kidogo na chenye maana zaidi.)

Mlimani kulikuwa kugumu. Wajumbe wa mashina walizunguka na chupa nyeusi nyumba kwa nyumba, wakikumbusha kwamba maji ya bomba ya jiji huvutwa kutoka ziwa hilohilo, Capri Point na Butimba. Waliokaribu na bomba la majitaka walianza kuomba kuunganishwa. Walio juu zaidi bado hawana pa kupeleka, na wanapouliza wafanye nini, sina jibu la kuwapa.

Vuli iliyopita simu yangu iliita kabla ya adhana ya alfajiri. "Mwalimu, wametapisha, harufu nimeipata," alisema yule mama. Nilipofika nilimkuta na tochi kichwani, gumboti hadi magotini, chupa tatu zimeshafungwa na kila moja ina saa yake iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kupanda mlima.