Krasula imeoza shina, mvua hii jamani!

Mvua ya siku tatu hapa Kampala, na leo asubuhi krasula ya barazani, ule mmea wa chungu wenye majani manene, imeinama. Majani ya chini yamekuwa manjano, ukiyagusa tu yanadondoka.

Mvua haina kosa. Kosa ni kisahani chini ya chungu: kilijaa maji, hakuna aliyekimwaga.

Mmea huu asili yake ni Afrika Kusini na Msumbiji. Majani yake ndiyo tangi la maji.

Mizizi mizima huwa myeupe, migumu. Hii ilikuwa ya kahawia, inateleza.

Shina likakatwa. Katikati, duara la kahawia. Likakatwa tena juu zaidi, bado. Mara ya tatu ndipo likatoka kijani safi, bila doa. Hapo ndipo pa kuishia. Ukiacha hata doa dogo, uozo unapanda.

Sasa vipande vya sentimita 8 hadi 10 vimelala kivulini. Siku 5 mpaka 7, kidonda kikauke kwanza. Kikiingia udongoni kibichi, kinaoza tena.

Udongo: nusu ya bustani, nusu mchanga wa mto wenye chembe kubwa. Mchanga laini hushikana kama saruji. Chungu kiwe na tundu, na msimu huu kisahani kikae jikoni!

Maji ni baada ya wiki mbili hivi, mizizi ikishaanza.

Wa Entebbe, Jinja na Mbale, zenu zikoje? Tupieni picha.