Mzamaji wa Sura ya Pili

Mswada ule ulikuwa riwaya ya kisayansi ya vijana, kitabu kimoja kisichongoja juzuu jengine, na mwandishi wake alikuwa binti wa kidato cha sita pale Chake Chake. Katika sura ya pili kaka wa mhusika mkuu anaanguka kutoka jahazini nje ya Mkoani. Anakaa chini ya maji saa nzima, anaopolewa, wanamning'iniza kichwa chini atapike maji, kisha dada yake anamrudishia uhai kwa mashine ya umeme aliyoiunda mwenyewe. Lugha ilikuwa safi. Kilichobaki ni jicho la mtu wa kazi, nami nikiwa mhariri nikamwomba sista mmoja wa chumba cha wagonjwa mahututi, Mpemba aliyekuja likizo, atukute skuli Jumamosi. Alikuja na mdoli wa mafunzo ndani ya polo.

Pemba mtu haandiki habari ya kuzama akawa anabuni tu. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikitoka Unguja kuja huku, na msomaji wa kisiwani anajua mara moja akidanganywa juu ya bahari. Nilitaka kifo cha sura ya pili kiwe cha kweli, ili hila ya kukikwepa nayo iaminike.

Sista alianza na umeme. "Mwanangu, mashine hii haiwashi moyo uliokwisha kusimama. Inafaa moyo unapotetemeka ovyo, ikaukata ule mtetemo ili mapigo yajipange upya. Mzamaji moyo wake husimama kwa kukosa oksijeni. Mpe hewa kwanza."

Akamlaza mdoli sakafuni. Kichwa kirudishwe nyuma, kidevu kiinuliwe, pua ibanwe. Kwa mwongozo wa Ulaya mzamaji huanziwa na pumzi tano. Wa Marekani unataka mbili. Povu likitoka mdomoni usipoteze muda kulifuta. Tumbo lisikandamizwe na mtu asining'inizwe, maana matapishi yataingia mapafuni na dakika zitapotea bure. Halafu kifua: kitako cha kiganja katikati, viwiko vimenyooka, kishuke sentimita 5 bila kuzidi 6, kiachwe kiinuke chote kabla ya kukandamizwa tena. Mikandamizo 30, pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Binti alipewa ajaribu. Kabla ya dakika mbili mikono ilianza kulegea na kina kikapungua, na sista akamwonesha kwamba ndiyo sababu waokoaji hupokezana. Katika mswada mhusika alikuwa akifanya kazi hiyo peke yake kuanzia mwanzo wa ukurasa hadi mwisho, bila hata kutoka jasho.

Ikaja ile saa nzima. Ubongo wenye joto la kawaida huanza kuharibika dakika nne hadi sita baada ya kukosa oksijeni. Binti alikuwa na jibu tayari: Anna Bågenholm, daktari aliyenasa chini ya barafu karibu na Narvik, Norwe, mwaka 1999, akakaa humo dakika 80. Joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzi 13.7, na akaishi. Ni kweli. Lakini Bågenholm alipata mfuko wa hewa chini ya barafu, akawa na fahamu kwa dakika kama 40 huku mwili ukipoa. Ubaridi ulitangulia, moyo ukafuata kusimama. Bahari ya Pemba haishuki sana chini ya nyuzi 25; ubongo wa mtu hapa hufa ungali na joto lake.

"Basi nimzike kwenye barafu ya samaki," binti akasema.

"Barafu inapoza ngozi," sista akamjibu. "Damu isipozunguka, ubaridi hautaufikia ubongo kwa wakati."

Njia iliyopo ni kupitisha ubaridi ndani. Wapasuaji wa moyo humpoza mgonjwa kwa mashine hadi nyuzi kama 18, wakausimamisha mzunguko wa damu kwa takriban nusu saa, kisha wakampasha joto taratibu. Huko Baltimore, Marekani, madaktari wameijaribu hila ya jinsi hiyo kwa watu waliojeruhiwa na kuvuja damu hadi moyo ukasimama, wakiwasukumia maji ya chumvi baridi sana kwenye mshipa mkuu. Binti aliinuka kitini. Katika riwaya yake maji ya chumvi yamejaa tele! Hapo sista alikuwa mkali: maji ya dripu yana gramu 9 za chumvi kwa lita, bahari ina kama 35. Ukimtia mtu maji ya bahari mishipani, chembe zake zitanyonywa maji na kusinyaa. Tena kiputo kimoja cha hewa kikibaki kwenye mpira wa dripu chaweza kuziba mshipa wa ubongo.

Kwa maoni yangu riwaya ya namna hii ina ruhusa ya uongo mmoja, na lazima ujulikane ulipo. Tuliukuta pale: dawa ya kubuni inayorefusha ile nusu saa ikawa saa sita. Mengine yote yabaki kama yalivyo duniani.

Babu yake binti, mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuwa amekaa nyuma muda wote. "Kila nafsi itaonja mauti," alisema, "kwa hiyo hapo hujamdanganya Malaika. Umezuia sababu tu, na hilo ni halali. Lakini saa sita hizo nani atakuachia? Maiti hacheleweshwi." Akatuhesabia: maji ya majani ya mkunazi, kafuri kwenye josho la mwisho, sanda ya vipande vitatu kwa mwanamume, sala ya jeneza baada ya Alasiri. Sista akaongeza kwamba kwenye nyuzi 15 mwili hauna pumzi wala mapigo, na mboni haziitiki mwanga. Hakuna mwosha atakayetofautisha. Hospitalini aliyepoa kiasi hicho hupashwa joto kwanza hadi nyuzi kama 32 ndipo neno la mwisho litamkwe. Riwaya ilipata mbio zake pale, maana adui wa mhusika akawa ni watu wanaompenda marehemu na wanaomtimizia haki yake.

Binti aliuliza jambo moja zaidi. "Akiamka, Sista, atanijua?"

"Jina lako atalijua. Kuna sehemu ya ubongo, hipokampasi, inayoumia mapema sana oksijeni ikikosekana, na ndiyo inayoshika mambo mapya. Ya zamani huenda yakabaki. Utakayomwambia leo, kesho hana."

Mashine ya umeme ilitolewa kitabuni. Kaka aliyeamka anauliza kila asubuhi kwa nini sanda imekatwa, na dada anamweleza upya. Gharama yote inalipwa humo humo, na mchapishaji alipotaka sehemu ya pili binti alikataa. Nilimuunga mkono.