Kusimama katikati ya jambo

Jana usiku binti yangu alinibana na swali: "Baba, kwa nini Waingereza wakielewa wanasema 'understand'? Wanasimama chini ya nini?"

Nikaenda kuchimba. Neno hilo limo katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na wataalamu wengi wanaona kwamba "under" ya hapo haikuwa chini, ilikuwa kati. Yaani unasimama katikati ya jambo lenyewe. Picha nzuri mno!

Nikageukia letu. Kuelewa limetoka kwenye kuelea; wazee bado husema "limenielea", limekuwa wazi kwangu. Na ngalawa nayo huelea. Miaka yote hii nalitumia neno bila kuliona! Nimefurahi hadi nikamwamsha mama yake nimweleze.