Mpaka lini tutawaita wakimbizi vijana wa Katumba na Mishamo?

Mimi ni mtu wa Mpanda, na kama na wewe ni wa huku Katavi basi umeshasikia mara nyingi tu watu wakisema fulani ni mkimbizi, kumbe wanamuongelea kijana aliyezaliwa Katumba, makazi waliyopewa wakimbizi wa Burundi kama ilivyo Mishamo, kasoma hapahapa tangu darasa la kwanza, Kiswahili chake hakina tofauti na changu, ana ugomvi wake wa Simba na Yanga kama sisi wote, na wazazi wake walishapewa uraia. Af baada ya kumuita hivyo mtu huyohuyo anauliza kwa nini vijana wa kule hawajitokezi kwenye mikutano, kwa nini hawana uzalendo. Nimechoka kusikia hilo swali likiulizwa upande mmoja tu, ndo maana naandika.

Historia kidogo maana wengi wa umri wangu hawaijui vizuri. Mwaka 1972 Burundi kulitokea mauaji makubwa, Wahutu hasa waliosoma walisakwa na kuuawa na jeshi, makadirio ya chini ni watu 100,000 na mengine yanaenda juu zaidi ya hapo, na maelfu kwa maelfu wakavuka kuja Tanzania. Serikali ya Mwalimu ikawapa mapori, Ulyankulu kule Tabora, Katumba hapa kwetu, halafu Mishamo mwaka 1978. Wakagawiwa mashamba, Mishamo familia ilipata kama hekta 5, wakafyeka, wakalima mahindi na maharage na tumbaku, na ilipofika katikati ya miaka ya 80 walikuwa wanajilisha wenyewe na ziada wanauza nje ya makazi. Lakini kutoka makazini ilibidi uwe na kibali. Yaani mtu analisha mji ila kuja mjini lazima aombe ruhusa.

Sasa hapa ndo saikolojia yake inapoanza. Katikati ya hiyo miaka ya 80 alikuja mtafiti wa anthropolojia anaitwa Liisa Malkki, akakaa na wakimbizi wa Mishamo kisha akakaa na wale waliokuwa wanaishi Kigoma mjini, watu wa asili moja waliokimbia kitu kimoja, na akakuta wana mawazo tofauti kabisa. Wa Mishamo walishikilia sana historia yao, wanasimuliana usiku na mchana walivyofukuzwa, wanajiona ni taifa lililoko uhamishoni na siku moja litarudi, na ukimbizi wenyewe kwao ulikuwa ni heshima, hawakutaka kuuvua. Wa Kigoma mjini walijichanganya, wakaoa na kuolewa, wakafanya biashara, wengine wakajitambulisha kama Waha, kabila la hapo Kigoma, maana Kiha na Kirundi vinakaribiana sana, na habari ya kuwa mkimbizi hawakutaka hata kuisikia. Mi nikiitazama hiyo tofauti naona wazi kwamba moyo wa mtu unafuata sana pale ulipomuweka. Ukimzungushia mpaka na kumpa kibali cha kutoka, atajenga nchi yake ndani ya huo mpaka, na hilo si kosa lake.

Halafu kikatokea kitu ambacho nadhani kingewashangaza wazee wa Mishamo ya wakati ule. Mwaka 2007 serikali yetu, ya Burundi na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walikubaliana kulimaliza suala la wakimbizi wa 72, watu karibu 218,000 wakaulizwa unataka kurudi Burundi au unataka kuwa Mtanzania, na kama asilimia 80 wakachagua Tanzania. Kutoka kuushikilia ukimbizi kama heshima mpaka kuomba uraia kwa wingi huo, katikati hapo kuna nini? Kuna mambo mengi, vita ya Burundi ya miaka ya 90 na habari za ardhi kule kushikwa na watu wengine, ila kubwa kwangu mimi ni watoto. Wamezaliwa humu, Burundi wanaijua kwenye hadithi za bibi. Mzazi anaweza kuishi na mabegi yake yamefungwa miaka thelathini ila mwanae hawezi, mtoto anafungua begi anacheza.

Kuna mwanasaikolojia wa Kanada, John Berry, ameandika sana kuhusu namna watu wanavyozoea nchi mpya, na anasema njia ziko nne: unashika vya kwenu na unashiriki vya huku, au unaacha vya kwenu na kuwa wa huku kabisa, au unabaki na vya kwenu tu na kujitenga na vya huku, au unapotea kote kote huna hiki wala kile. Mwaka 2006 yeye na wenzake walitoa utafiti wa vijana wahamiaji zaidi ya 5,000 kwenye nchi 13, umri miaka 13 mpaka 18, na waliokuwa na hali nzuri zaidi kimaisha na kisaikolojia ni wale wa njia ya kwanza, wenye vyote viwili. Na kijana aliyeona anabaguliwa ndo aliyekuwa na hali mbaya. Watu wengi wakisikia hizo njia nne wanafikiri ni chaguo la mgeni peke yake, wakati Berry mwenyewe anasisitiza kwamba mwenyeji nae anachagua, ukifungiwa mlango hiyo njia ya kwanza haipo hata uitake vipi.

Na sisi mlango tuliufungua nusu. Maombi yao zaidi ya 162,000 yalikubaliwa, ikatangazwa 2010, lakini vyeti havikutolewa kwa sababu mpango ulikuwa watu wahame kwanza kutoka makazini wasambazwe mikoa mingine na makazi yafungwe. Fikiria hiyo hali jamani. Umeshaukana uraia wa Burundi maana sheria yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili, ukimbizi umeambiwa umekwisha, na Utanzania huna karatasi ya kuuonyesha. Ujenge nyumba ya tofali za kuchoma wakati umeambiwa utahamishwa? Kijana amemaliza form six anataka mkopo wa chuo, bodi inataka raia, yeye ni nani? Ilienda hivyo mpaka Oktoba 2014 ndipo Rais Kikwete akaanza kugawa vyeti, na wakaruhusiwa kubaki walipo. Uchaguzi wa 2015 raia wapya wakapiga kura kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo ukimuona kijana wa makazini leo anakaa nyuma kwenye mkutano na haongei, mi sioni uvivu wala kukosa uzalendo, naona mtoto wa nyumba iliyofundishwa kwa miaka arobaini kwamba usalama ni kutojulikana. Mzazi wake alijifunza kutobishana na mkuu wa makazi, kutogombana na jirani mwenyeji hata akiwa na haki, na hilo somo watoto wanalinyonya bila kuambiwa. Tena sheria yetu ya uraia inaruhusu raia wa kuandikishwa kunyang'anywa uraia kwa sababu fulani fulani wakati wa kuzaliwa hanyang'anywi, na watu wa kule hilo wanalijua vizuri kuliko sisi. Sasa mtu wa namna hiyo utegemee asimame amuulize mwenyekiti hela za darasa zimeenda wapi? Nina rafiki tuliosoma nae, wa Katumba, kichwa kikali sana, kwenye mambo ya ufundi hakuna anayemgusa, ila likija suala la kugombea hata ujumbe wa serikali ya kijiji anasema yeye atasaidia tu kwa nyuma. Kwa nyuma! Na michango yote anatoa.

Wale waliochagua kurudi nao wana funzo lao. Zaidi ya watu 50,000 walirudi Burundi miaka ile, na vijana wengi wakafika Kiswahili ndo lugha yao na shule za kule ni Kirundi na Kifaransa, mashamba ya babu yana watu wengine ndani, na wenyeji wakawaona wageni. Huku Warundi, kule Watanzania. Nikisikia mtu anasema wangerudi tu kwao natamani akae na hiyo picha kidogo.

Na ile ya zamani tumeirudia kwa wengine. Waliokimbia Burundi kuanzia 2015 wakapelekwa Nduta, Mtendeli na Nyarugusu kule Kigoma, kutoka kambini ikawa ni kosa, watoto wakasomeshwa mtaala wa Burundi ili wajiandae kurudi. Naelewa serikali ina sababu zake, mzigo ni mkubwa na misaada inapungua kila mwaka. Lakini mtoto aliyeingia akiwa na miaka minane sasa ni mtu mzima, na tumemlea kama Mishamo ya 1985.

Mimi ombi langu ni kwa watu wa huku, siandikii wizara. Mwenyekiti, ukiunda kamati ya shule au ya maji, usisubiri kijana wa Katumba anyooshe mkono maana hatanyoosha, mtaje jina, mpe kazi yenye funguo na daftari la hela. Mwalimu, ukiwafundisha form two waambie wakawaulize bibi zao walifikaje hapa, wasimulie darasani kwa sauti, waone kwamba hadithi hiyo nayo ni historia ya Katavi na haiwapunguzii Utanzania. Na wewe wa gengeni unayemuita mwenzio mkimbizi kwa utani, acha kuanzia leo, anacheka nawe ila akifika nyumbani hacheki.