Maji kwenye Dumu la Petroli

Ukinyonya petroli kwa mpira ukachelewa kuutoa mdomoni, ladha yake utakaa nayo siku nzima. Ugali petroli, chai petroli. Mwaka 2009, pale Kayenze, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, ladha hiyo nilikuwa nayo karibu kila wiki.

Nilikuwa na miaka 19, mdogo kuliko wote kwenye mtumbwi wa watu wanne. Tulitega nyavu za sangara jioni, tukazivuta alfajiri. Kununua petroli ilikuwa kazi yangu: dumu la lita 20 begani, kwenda na kurudi. Njiani, nyuma ya kibanda cha chipsi, alinisubiri kijana wa bodaboda. Lita mbili zake, hela yangu, safari inaendelea.

Asiyefanya kazi mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, atadhani nilimwibia tajiri tu, yaani mwenye mtumbwi. Sivyo. Kwetu samaki wakishauzwa, kwanza hutolewa gharama ya petroli, kinachobaki ndicho hugawanywa kati ya tajiri na wavuvi. Kwa hiyo nilimwibia na Mzee, nahodha wetu, ambaye kila tukitoka ziwani alinimegea muhogo wake kabla hajaonja yeye.

Na nilitaka kuacha. Hili ndilo watu hawaniamini. Kila Jumapili kanisani nilikuwa naacha kabisa, machozi yananitoka, mama yangu benchi la nyuma anashukuru kwamba mwanawe ameguswa. Jumatano niko nyuma ya kibanda. Paulo anaposema katika Warumi sura ya 7 kwamba lile jema alipendalo halitendi, mimi nilisikia kama nimeitwa jina mbele za watu.

Tajiri, mama mmoja mtu mzima, akaanza kushtuka. Akachonga kijiti chenye alama, akawa anakitumbukiza kwenye dumu kabla hatujaondoka. Nami nikapata akili, au niite wazimu: nikauza lita mbili, nikarudishia maji ya ziwani. Petroli huelea, maji hukaa chini. Kijiti hakikuona kitu.

Injini iliona. Ilikohoa mara tatu, ikazima, usiku, nyavu zikiwa hazijaguswa. Mzee akafungua plagi, akaifuta kwa shati, akairudisha. Akavuta kamba hadi viganja vikachubuka. Simu zetu hazikushika mtandao. Nikisimulia, watu husubiri dhoruba hapa; haikuwepo. Ziwa lilitulia. Ila usiku upepo wetu hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ulitusukuma polepole, huku taa za Kayenze zikipungua moja moja. Tulipiga makasia zamu kwa zamu. Taa zikazidi kupungua.

Hakuna aliyetaja meli ya MV Bukoba, lakini Mwanza huhitaji kuitaja. Ilizama tarehe 21 Mei 1996, na Mzee alikuwa na mdogo wake amelala kwenye makaburi ya Igoma.

Kisha Mzee akaweka kasia chini, akavua kofia, akaanza kuomba. Nilitegemea aombe upepo ugeuke. Akaanza na Zaburi ya 51, "Ee Mungu, unirehemu," halafu akaendelea kwa maneno yake: "Bwana, kama kuna kitu nimekuficha mimi, nidai mimi. Hawa ni watoto." Akaanza kutaja makosa yake. Mengine ya miaka mingi, kabla sijazaliwa. Mtu mzima, mvi kichwani, anajipekua gizani kutafuta dhambi ambayo ilikuwa yangu, na mimi nimekaa hatua mbili kutoka kwake, miguu juu ya dumu.

Nikasema, "Mzee, usiendelee. Nimetia maji."

Wenzetu wawili nusura wanitupe ziwani, na sikuwa na nguvu ya kujitetea wala hamu. Mzee hakunigombeza. Alikaa kimya muda mrefu, akaweka mkono kisogoni kwangu, mzito, unanuka samaki, akasema, "Basi tumwombe wote wawili. Wewe anza." Sikujua la kusema. Nilisema tu kwamba nimeshindwa kuacha, na kwamba sina tena Jumapili ya kuahidi. Ni maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba, na ya kwanza ambayo sikuyatengeneza.

Alfajiri mtumbwi wa wavuvi wa dagaa ulitufunga kamba, ukatuvuta hadi mwaloni.

Kwa tajiri nilikwenda peke yangu. Mzee alisema hatanisemea. Nilimkuta anaanua dagaa, nikamweleza yote, mpaka yule wa bodaboda. Akaniuliza, "Maji ya wapi?" Nikasema ya ziwani. Akasema, "Si ungechemsha hata kidogo, baba." Halafu akageuka, akafuta macho kwa pembe ya kanga. Zile lita alikataa kulipwa, akisema hesabu hiyo ilishalipwa msalabani. Wavuvi wenzangu niliwalipa fungu kwa fungu, miezi minne.

Jioni ya tatu tajiri akanipa hela ya petroli. Mimi, si mwingine.

Yule kijana alinipigia mluzi kutoka nyuma ya kibanda. Mikono ilinitetemeka, sitadanganya. Nilipita.

Wenzangu walikuwa wameshaanza mtindo wa kumimina kwanza kwenye chupa ya maji tupu, wainyanyue juani waone kama kuna kitu kimezama. Walikuwa na haki. Lakini nilipofika mwaloni Mzee alinipokea dumu, akafungua kifuniko, akamimina lote kwenye tangi la injini. Hakuchungulia.